"Nitakuombea": neno jepesi mdomoni, zito mbele za Mungu

Kisima cha Mlimani (mleta mada)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi ambao hamko katika imani hii karibuni pia, nadhani mada hii mnaielewa kwa namna yenu.

Kuna jambo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa. Mfanyakazi mwenzangu alinijia asubuhi moja, mtoto wake amelazwa, homa haishuki na madaktari bado wanatafuta chanzo. Nikamshika bega nikamwambia, "Ndugu yangu, nitakuombea." Nilimaanisha kabisa wakati ule. Nikarudi kwenye kazi zangu. Jioni nikasahau. Kesho yake nikasahau tena.

Baada ya wiki tatu akaja akitabasamu, mtoto ameruhusiwa kurudi nyumbani. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Kuna usiku mimi na mke wangu tulishindwa kabisa kuomba, tukabaki kulia tu. Nikawa namwambia, tujaribu kulala, yupo mtu anatuombea."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Na sikuwa nimeomba hata mara moja.

Nilichokitoa kama maneno ya kumfariji tu, wenzangu walikilalia usiku kucha. Sikuweza kumwambia ukweli siku ile. Nilimwambia wiki iliyofuata, na alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kunisamehe.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma Biblia nikitafuta jambo hili moja. Kwanza nikakutana na Samweli. Wana wa Israeli walikuwa wamemkataa, wamedai mfalme kama mataifa mengine, naye amezeeka. Alikuwa na kila sababu ya kuwaacha. Lakini anawaambia: "Walakini mimi, hasha! Nisimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea ninyi" (1 Samweli 12:23). Angalieni anavyoliweka. Hasemi angewakosea wao. Anasema angemkosea Bwana. Mimi siku zote nilidhani kumwombea mtu ni hisani, ukifanya umefanya vizuri, usipofanya basi. Samweli anaiita dhambi.

Kisha nikamrudia Ibrahimu katika Mwanzo 18. Tunajua alivyoshuka hatua kwa hatua: wenye haki 50, 45, 40, 30, 20, akaishia 10. Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni kwamba katika maombi yote yale hamtaji Lutu, mtoto wa ndugu yake, ingawa ndiye anayeishi Sodoma. Anaombea mji mzima, mji wenye sifa mbaya, watu asiowajua. Na mji haukupona. Lakini sura ya 19 mstari wa 29 unasema Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu katika maangamizi. Nilisoma mstari huo mara tatu.

Halafu fikirini lugha yetu yenyewe. "Kuomba" mtu anaweza kuwa peke yake. Lakini ukisema "nitakuombea", mimi nimo na wewe umo, ndani ya neno moja, na huwezi kututenganisha bila kulivunja neno. Sijui kama wazee waliotuachia lugha hii waliliona hilo, ila mimi kwa sasa nikilitamka, naliogopa.

Naomba tuzungumze kwa uwazi. Wangapi mmewahi kusema "nitakuombea" msifanye? Na ninyi ambao Mungu amewapa mzigo huu, mnaubebaje?

---

Binti Sayuni

Mtumishi, umenigusa pabaya. Nimehesabu wiki hii tu nimejibu "nakuombea" kwenye simu kwa watu wanne. Niliyemwombea kweli ni mmoja, na huyo ni kwa sababu ni dada yangu.

---

Mchungaji wa Punda

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa kanisa alinifundisha kitu kidogo, na nakigawa hapa bure. Usiseme "nitakuombea". Sema "tuombe sasa". Hapo hapo, mlangoni, kwenye ngazi, kwenye simu. Dakika moja inatosha. Mtu asipotaka atakwambia. Katika miaka yote hii waliokataa hawafiki watano, na mmoja wao alinipigia simu usiku akaniambia sasa niombe.

---

Mpima Mizani

Mimi ni Mkristo, msinielewe vibaya, ila swali hili linanisumbua tangu ujana. Mathayo 6:8 inasema Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Kama anajua, na kama ni mwema, na kama tayari anampenda huyo mgonjwa kuliko mimi ninavyompenda, maombi yangu yanaongeza nini? Ina maana mtoto mwenye ndugu mia wanaomwombea ana nafasi kubwa kuliko yatima asiye na mtu? Mungu wa namna hiyo siwezi kumwelewa.

---

Kisima cha Mlimani

@Mpima Mizani, swali zuri na silikimbii. Nijibu kwa ninachokiona, wengine watanirekebisha.

Mstari mmoja tu baada ya kusema Baba anajua, Yesu huyo huyo anafundisha kuomba: "Baba yetu uliye mbinguni." Hakuona mgongano. Na katika sala ile hakuna "mimi" hata moja. Utupe riziki yetu. Utusamehe. Usitutie majaribuni. Ukiisali peke yako chumbani mlango umefungwa, bado umewaombea wengine, hata yatima uliyemtaja.

Mungu angeweza kulisha kila mtoto moja kwa moja kutoka mbinguni, lakini ameamua mtoto alishwe na mama. Hatusemi mama hana kazi kwa sababu Mungu anajua mtoto ana njaa. Naona maombi hivyo hivyo. Ameamua kutushirikisha. Ezekieli 22:30 ni mstari unaoniumiza: "Nami nikatafuta mtu miongoni mwao, atakayelitengeneza boma, na kusimama mbele zangu mahali palipobomoka, kwa ajili ya nchi, nisije nikaiharibu, lakini sikuona mtu." Anayetafuta mwombezi pale ni Mungu mwenyewe. Hakungoja watu wamtafute ili wambembeleze. Yeye ndiye anayetaka kuzuiwa.

Kuhusu yatima: yeye hajaachwa bila mwombezi. Waebrania 7:25 inasema Kristo yu hai sikuzote ili awaombee wamjiao Mungu kwa yeye. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Sisi hatuanzishi maombi, tunaingia katika maombi ambayo tayari yanaendelea. Hilo limenipunguzia hofu ya kudhani kila kitu kinanitegemea mimi.

---

Mpima Mizani

"Yeye ndiye anayetaka kuzuiwa." Acha nikae na hilo kwanza.

---

Mtafiti Huru

Habari zenu. Mimi si muumini, lakini naheshimu mazungumzo haya. Nitaweka ushahidi mmoja mezani. Mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na daktari Herbert Benson, juu ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza waliombewa ila hawakuwa na uhakika kama wanaombewa. La pili hawakuombewa, nao hawakujua. La tatu waliombewa na wakaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika lile lililojua linaombewa. Hakuna faida iliyoonekana, na waliojua walifanya vibaya kidogo.

Sisemi hili kuwakejeli. Nauliza tu, mnalipokeaje?

---

Mlinzi wa Wodi

@Mtafiti Huru, nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 20 na utafiti huo naufahamu. Asante kwa kuuleta kwa adabu.

Kwanza nikubali: takwimu ni hizo na hakuna Mkristo anayepaswa kuzificha. Kama mtu anahubiri kwamba maombi ni dozi, kwamba ukiongeza waombaji matatizo yanapungua, utafiti huo umemjibu. Na asipewe nafasi kabisa ya kuwaambia wagonjwa waache dawa. Nimeona waliofikishwa kwetu wamechelewa kwa sababu hiyo na sitasahau nyuso zao.

Lakini tazama pia kilichopimwa. Waombaji walikuwa watu wasiomjua mgonjwa. Walipewa jina la kwanza na herufi moja ya jina la pili, na sentensi waliyotakiwa kuitumia, kuomba upasuaji ufanikiwe na mgonjwa apone haraka bila matatizo. Wakafanya hivyo kwa siku 14. Sasa mlete mwanamke aliyekaa kwenye kiti kando ya kitanda usiku kucha, anamjua mgonjwa huyu tangu akiwa mtoto, anamwambia Mungu mambo ambayo hakuna daktari anayeyajua. Huwezi kumgawa mama huyo katika makundi. Huwezi kumwambia asiombe ili tupate kulinganisha. Na wale wa kundi la pili, nani anajua ni bibi wangapi walikuwa wakiwaombea kijijini bila kuandikwa kwenye fomu?

Tena Mungu ninayemwamini hajawahi kukubali kupimwa. Najua kwako jibu hilo linaonekana kama mlango wa kutorokea. Kwangu ni sehemu ya kumjua yeye ni nani. Nisingempima mume wangu hivyo pia.

Jambo moja nimeliona wodini na nalisema kama shahidi tu: mgonjwa anayejua ametajwa na mtu usiku huo hafi peke yake. Wengine wanapona, wengine hapana. Lakini wanaokufa wakijua hivyo, wanakufa tofauti.

---

Mtafiti Huru

Nimekuelewa, dada. Hatukubaliani, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuipinga. Mama yangu alikufa hivyo.

---

Mwana wa Rozari

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba niongeze upande wa sisi Wakatoliki maana naona haujaguswa. Kwetu kuombeana hakukomi kaburini. Tukisali Salamu Maria tunasema "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Hatumwabudu Bikira Maria, tunamwomba atuombee, kama mleta mada alivyoombwa na mwenzake kazini. Na marehemu wetu tunawaombea katika kila Misa. Msingi wake mmojawapo ni kitabu cha Makabayo wa Pili sura ya 12, pale Yuda Makabayo alipokusanya mchango na kuupeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa vitani.

Kuna pia Sala ya Waamini, ile ya baada ya mahubiri, ambapo tunaombea Kanisa, viongozi wa nchi, wenye shida na jumuiya yetu. Desturi hiyo ni ya zamani sana, ikapotea katika Misa za kawaida kwa karne nyingi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ukaagiza mwaka 1963 irudishwe. Nawasihi Wakatoliki wenzangu: tunajibu "Ee Bwana, twakuomba utusikie" huku tunatazama saa. Tumerudishiwa hazina, tunaipitisha kama tangazo.

---

Chuma Hunoa Chuma

Ndugu Mwana wa Rozari, nakuheshimu, ila 1 Timotheo 2:5 iko wazi: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Na Makabayo haimo katika orodha ya vitabu vya Biblia yetu sisi Waprotestanti. Mtu akishafariki tumwachie Mungu.

---

Mwana wa Rozari

Nami nakuheshimu. Nikuombe tu usome kuanzia mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo. Paulo anaanza kwa kuagiza dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote, wafalme na wote wenye mamlaka, ndipo anafika kwenye mpatanishi mmoja. Kama upatanisho wa Kristo ungefuta maombezi yetu sisi kwa sisi, angekuwa amejipinga ndani ya mistari mitano. Tunatofautiana kuhusu waliolala katika Bwana, hilo najua, na hatutalimaliza hapa.

---

Chuma Hunoa Chuma

Ni kweli hatutalimaliza. Lakini umenikumbusha wafalme. Wakati barua ile inaandikwa, Kanisa halikuwa na mtawala hata mmoja wa imani yake. Wakaambiwa wawaombee watawala wasiomjua Kristo kabisa. Mimi nimekuwa nikiwalaumu wakubwa kila siku na sijawahi kuwaombea hata mmoja. Nimekubali kosa.

---

Mama wa Watatu

Mimi naomba kusema jambo ambalo huenda litaharibu hewa ya uzi huu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 9. Tulifunga na kuomba. Kanisa zima lilifunga. Mikesha ikafanyika. Watu walikuja kuniambia wameoneshwa akicheza mpira, amepona. Alifariki siku ya Jumapili, ibada ikiendelea.

Kilichoniua si kifo peke yake. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alinishika mkono akaniambia labda kuna mahali imani ilipungua. Sikurudi kanisani miaka minne. Ninaposoma "kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana" huwa najiuliza, ina maana mimi sikuwa mwenye haki?

Naomba mniambie mnachofanya na maombi ya namna hiyo. Msinipe mstari wa haraka haraka tafadhali.

---

Kisima cha Mlimani

Mama, nimesoma bandiko lako nikafunga simu. Nimerudi baada ya saa mbili. Sina mstari wa haraka. Pole sana, mama. Pole kwa mtoto, na pole kwa neno lile ulilotupiwa mtu akiwa bado hajazikwa.

---

Mlinzi wa Wodi

Mama wa Watatu, nakukumbatia kutoka mbali.

Sisemi kukufundisha. Nasema tu kwamba aliyekwambia imani ilipungua alikosea, na Biblia yenyewe inamkosoa. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini utolewe, haukutolewa, na hakuna aliyemwambia imani imepungua. Yesu aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke. Mtume Yakobo aliuawa kwa upanga wa Herode, na katika sura hiyo hiyo ya 12 ya Matendo Petro akatolewa gerezani na malaika. Kanisa ni lile lile. Sidhani walimpenda Yakobo kidogo. Luka, aliyeandika habari hizo, hatupi sababu, na nadhani alinyamaza kwa makusudi.

Na lile kundi lililokuwa likimwombea Petro kwa juhudi, msichana Roda alipokimbia kuwaambia yuko mlangoni, walimjibu "Una wazimu." Imani yao ilikuwa ndogo kiasi hicho na bado Petro alitoka. Kwa hiyo si kipimo cha imani ya mwombaji. Usibebe mzigo huo tena, mama. Haukuwa wako tangu mwanzo.

---

Mpiga Mbizi

Nami ningependa kumkumbuka Monika, mama yake Augustino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Usiku mmoja mwaka 383 alikesha katika kanisa dogo pwani ya Afrika ya Kaskazini akimsihi Mungu mwanawe asisafiri. Mwana alikuwa amemdanganya. Usiku ule ule alipanda meli kwenda Roma, asubuhi mama akabaki ufukweni akilia. Augustino mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye, na anasema Mungu alimnyima mama alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Maana ni huko Italia mwana alikomgeukia Kristo, na Askofu Ambrosi akambatiza Milano, Pasaka ya mwaka 387.

---

Mama wa Watatu

Asante, ndugu. Naipenda habari ya Monika, lakini yeye alirudishiwa mwana. Mimi sikurudishiwa.

@Mlinzi wa Wodi, habari ya Yakobo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Nimeisoma mara nyingi, nikawa nampita Yakobo kumkimbilia Petro. Naye alikuwa na mama. Yule mama aliyemwomba Yesu wanawe wakae mmoja kulia na mmoja kushoto. Leo nimemfikiria mama huyo siku nzima.

---

Mpiga Mbizi

Umenisahihisha kwa haki, mama. Niliharakisha kukutafutia mwisho mwema.

---

Binti Sayuni

Turudi kidogo kwenye vikundi vya maombi, kwa sababu Mama amegusa kidonda. Kuna umbea tumeuvika nguo ya maombi. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, ndoa yake inayumba, nasikia mume amehama." Watu ishirini wanajua, wanne wanaomba. Mwenye ndoa hajui kwamba habari zake ziko mezani. Mimi kikundi chetu tumekubaliana: huleti shida ya mtu bila ruhusa yake, na usipokuwa na ruhusa unasema "nina mtu", inatosha. Mungu hahitaji maelezo ya ziada.

Na wanaotoza watu pesa ili wawaombee, sitaki hata kuwajadili. "Mmepata bure, toeni bure." Nimemaliza.

---

Mchungaji wa Punda

Amina, Binti Sayuni. Mleta mada aliuliza tunaubebaje mzigo, nijibu kwa upande wangu.

Nina daftari. Kila siku ina watu wake. Jumatatu familia, Jumanne wagonjwa, Jumatano walioniumiza, na hiyo ndiyo siku ngumu. Kwenye Jumatano kuna jina moja nilianza kuliombea nikiwa nasaga meno. "Waombeeni wanaowaudhi," basi nikawa natii tu, bila upendo wowote. Sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi nilipogundua nimemwombea binti yake afaulu mitihani, na nilikuwa namaanisha. Yeye hajabadilika, bado ananisema vibaya. Lakini siwezi tena kumchukia vizuri. Huwezi kumpeleka mtu mbele za Mungu kila wiki ukaendelea kumwona kama adui tu. Ndiyo maana habari ya Ayubu inanigusa. Mungu aliugeuza uteka wake "hapo alipowaombea rafiki zake", na rafiki hao ndio waliomshambulia kwa maneno karibu kitabu kizima.

La pili, mwombezi anachoka. Kule Refidimu, Yoshua akipigana na Amaleki bondeni, mikono ya Musa ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumhubiria habari ya kuwa imara. Walimletea jiwe akakaa, wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua lilipokuchwa. Ninyi mnaobeba watu wengi, nani anaishika mikono yenu? Mtafuteni mtu mmoja.

---

Chuma Hunoa Chuma

Na miguu je? Mara nyingi tunaomba ili tusiende. Yakobo 2:16 inamtaja anayemwambia mwenye uhitaji aende kwa amani akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Ukimwombea mtu mwenye njaa na wewe una unga, nadhani Mungu amekwisha kukujibu.

Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 Wamoravia wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike. Mnyororo ule uliendelea zaidi ya miaka 100, na hicho ndicho wengi wanachokisimulia. Lakini mimi napenda kilichotokea miaka mitano tu baadaye: mwaka 1732 wawili miongoni mwao waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, kwa watumwa. Walioomba ndio waliotumwa.

Hata wale wanne wa Marko 2 waliombeba mwenzao aliyepooza, hatusomi kwamba walisema neno lolote. Walipanda, wakatoboa dari ya watu, wakateremsha godoro. Na imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Ya mgonjwa haijatajwa peke yake.

---

Kisima cha Mlimani

Nimejifunza humu kuliko nilivyotarajia. Kuna mstari mmoja nilikuwa nauhifadhi kwa ajili ya mwisho ila nauweka sasa. Luka 22, usiku wa kukamatwa. Yesu anajua Petro atamkana kabla ya jogoo kuwika. Anamwambia, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." *Nimekuombea.* Amekwisha kuomba kabla Petro hajajua kwamba ana shida, Petro akiwa bado anajigamba. Wakati wa neno hilo ndio unaonitofautisha mimi na Bwana wangu. Yeye anasema nimekuombea, mimi nasema nitakuombea.

---

Mpima Mizani

Nimekaa nalo, kama nilivyosema. Bado sijaelewa yote. Ila jana usiku nilianza kuomba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nilianza na yatima yule niliyemtumia kama hoja. Nilijiona sina haki ya kumtaja katika mabishano kama siwezi kumtaja katika maombi.

---

Msomaji Kimya

Nimejiunga leo ili niandike hapa tu. Nimesoma tangu bandiko la kwanza.

Kaka yangu aliondoka nyumbani miezi saba iliyopita baada ya ugomvi na baba. Simu haipatikani. Mama haongei tena mezani. Mimi si mtu wa kanisa sana na sijui niombe nini, kila nikianza naishia kusema jina lake tu. Sitaliandika hapa. Kama kuna mtu ana nafasi.

---

Mchungaji wa Punda

Kusema jina lake tu ni maombi, mwanangu. Endelea hivyo hivyo. Nimemwandika kwenye daftari, "kaka wa Msomaji Kimya", ukurasa wa familia.

---

Mama wa Watatu

Sikuwa nimemwombea mtu yeyote tangu mwaka ule. Leo nimemwombea kaka yako. Nimemwombea na mama yako, zaidi mama yako.

---

Kisima cha Mlimani

@Msomaji Kimya, nimekuombea. Nimepiga magoti kwanza, ndipo nikarudi kuandika hili. Nakutumia ujumbe wa faragha. Kama unajua mahali alipoonekana mara ya mwisho, au rafiki yake mmoja, niambie. Jumamosi sina kazi.